Bibi wa Lubunga na Bibi wa Makaratasi

Zamani kwetu Ubembe kulikuwa swali ambalo hakuna mtu aliyepoteza wakati kuliuliza: kisha ndoa, nani anamfuata nani? Bibi anamfuata bwana. Anatoka kwa baba yake, anaingia katika kiwanja cha baba wa bwana yake, anapewa jiko na shamba la mihogo, na watoto watakaozaliwa ni wa ukoo ule. Hata kama alitoka mbali, Ubwari ng'ambo ya ghuba, kwa Wabuyu, kwa Wafuliiru ama Uvira, jibu lilikuwa lile lile. Leo swali limerudi na nguvu, kwa sababu katikati ya bwana na bibi ameingia mtu wa tatu ambaye wazee hawakumjua. Ni mtu wa viza.

Sisi tunaoandika mistari hii ni mwalimu wa segondere hapa Baraka. Tulipata diploma yetu ISP, tunafundisha Kifaransa, na kwa sababu hiyo nyumba yetu imekuwa kama biro ndogo. Hakuna mwezi unaopita bila mtu kugonga mlango na bahasha ama na simu mkononi: "Mwalimu, samahani, utusomee. Wameandika nini hapa?" Mara nyingi ni barua juu ya bwana ama bibi aliye ng'ambo. Ndivyo tulivyojifunza mambo ya viza, si kwa kusafiri. Safari yetu ndefu ilikuwa ya Kigoma, mwaka wa 1996, tukikimbia vita, na siku ile hakuna aliyetuuliza viza.

Viza ya kutembea ni jepesi kuielewa. Unaenda, unasalimia, unarudi. Viza ya kukaa na mwenzako wa ndoa ni jambo jingine, kwa maana inauliza: wewe ni nani kwa huyu anayekuita? Na jibu la mdomo halitoshi. Ufaransa inampa bwana ama bibi wa Mfaransa viza ya muda mrefu. Katika miezi 3 ya kufika lazima aithibitishe, na kisha hapo anaomba karatasi nyingine kwa kuonyesha kwamba wawili wangali wanaishi pamoja. Ubelgiji, tangu sheria ya 2011, inatazama sana mapato ya yule anayemwita mwenzake. Marekani iko na njia mbili ambazo watu wa Baraka wanazijua kuliko nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya mkimbizi: aliyepokelewa kama mkimbizi aliweza kumwita bibi yake na watoto katika miaka 2 ya kwanza, lakini kwa sharti kwamba ndoa ilikuwako mbele yeye hajaingia Marekani. Tunasema "ilikuwa" kwa sababu Januari 2025 serikali yao ilisimamisha mpango wote wa kupokea wakimbizi, na watu wengi wa kwetu walibaki na mizigo imefungwa. Njia ya pili ni ya raia, ama ya mwenye karatasi ya kukaa daima, anayemwandikia bibi yake ombi. Kama ndoa haijatimiza miaka 2 siku bibi anapoingia, anapewa karatasi ya miaka 2 tu, na mbele haijaisha wawili wanapaswa kuandika pamoja kwamba ndoa yao ingali hai. Hiyo ni sheria ya 1986, iliyowekwa kwa kupambana na ndoa za uongo.

Kwa majirani zetu wa Tanzania, mgeni aliyeoana na raia anaweza kupewa pasi ya mtegemezi. Neno hilo, ndugu msomaji, lilitusimamisha. Mtegemezi! Pasi hiyo haimpi ruhusa ya kufanya kazi. Kazi inataka kibali chake, kwa sheria ya 2015 juu ya ajira za wageni. Na katika uraia, sheria yao ya 1995 inamfungulia mlango mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania, lakini mwanaume mgeni aliyeoa Mtanzania anapita katika mlango wa wageni wote, kama vile hana bibi. Sheria hiyo inafikiri kama wazee wetu: bibi ndiye anayefuata. Kwetu Kongo mgeni anaomba viza ya makao kwa DGM, na sheria ya Novemba 2004 inasema aliyeoana na Mkongomani, akiwa mwanaume ama mwanamke, anaweza kuomba uraia kisha miaka 7 ya ndoa, kama wangali pamoja. Msomaji ashike maneno hayo, "kama wangali pamoja", tutayarudilia.

Mambo haya hatuyaleti kama mwalimu ubaoni. Yametugusa ndani ya nyumba.

Ziwa letu halikuwa ukuta. Mpaka unaopita katikati ya maji ulichorwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19. Mbele ya hapo, na hata kisha, watu wa Ubwari na wa Ujiji walikuwa wakivuka kuuza samaki, chumvi na mawese, na wengine waliacha ndoa upande wa pili. Vita vya 1996 vilituvusha wote kwa mara moja. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule, na Lugufu ikafuata. Watoto walizaliwa kule, wakasoma kule, wakaoana kule. Kuanzia Oktoba 2005 meli za UNHCR zilianza kuturudisha, tukashuka hapa Baraka na sufuria zetu. Lugufu ikafungwa mwaka wa 2009, na waliobaki wakapelekwa Nyarugusu.

Kati ya waliobaki alikuwa bibi wa kaka yetu mkubwa na watoto wake. Kaka yetu alikufa katika vita. Kwa desturi, basi, baba wa watoto wale ni sisi. Wanatuita baba mdogo, na jambo la ndoa yao liko mabegani mwetu. Mwaka wa 2014 kijana wake mkubwa, aliyekuwa ametimiza miaka 18, alituma neno kwamba amepata mchumba. Si Mubembe, wala si mkimbizi. Ni mtoto wa Muha wa upande wa Makere, karibu na kambi, anamzidi mwaka mmoja. Tulipanda boti hadi Kigoma, tukaendelea kwa barabara, tukakaa na baba yake siku mbili. Yeye alitaka ng'ombe kama wenzake wa Buha. Sisi tulikuwa na mshahara wa mwalimu. Tukaelewana: ng'ombe 2 kwa hesabu ya shilingi na mbuzi 4 wa miguu. Tuliandika yote katika daftari la shule, na mzee akatia dole.

Mbele hatujaagana, mzee yule alituuliza: "Mwalimu, ninyi ni watu wa kuondoka. Mkiondoka, mtoto wangu atakaa na karatasi gani?" Tulicheka. Tulimwambia: "Baba mkwe, karatasi ya bibi ni mali." Mali ndiyo neno letu la mahari, na tulijiona tumejibu kwa akili.

Mwaka wa 2015 alizaliwa mtoto msichana. Mwaka ule ule dosiye ya mama mkwe wake ya kwenda Marekani ikaitwa. Usiku mmoja shemeji alitupigia simu kutoka kambini, yunite zikiwa zinaisha: "Shemeji, wanauliza kama kijana ana bibi. Akisema ndiyo, anatoka katika dosiye yangu, anaanza yake peke yake, na hatujui miaka mingapi." Ilikuwa kweli. Mtoto anayeingia katika dosiye ya mzazi lazima awe chini ya miaka 21 na asiwe na ndoa. Tulijibu mbele simu haijakatika: "Aseme yuko peke yake. Akifika, ataita bibi yake." Maneno yale hayakuchukua dakika mbili. Mwaka wa 2016 wakapanda ndege.

Alipofika na kuuliza namna ya kumwita bibi, alifunguliwa dosiye yake mwenyewe, ikamjibu: hauna bibi. Njia ya miaka 2 ilifungwa na mdomo wetu.

Baba mkwe alingoja hadi mwaka wa 2018, kisha akaleta neno: "Mali zenu nilikula. Bibi ni wenu. Mchukueni." Tulimpokea bandarini yeye na mtoto. Tangu siku ile yuko katika kiwanja chetu, ana jiko lake, anauza mikebuka sokoni, Kibembe anakisema kuliko watoto wetu wengine. Wadogo wanamwita Mama Tanzania. Amefuata bwana kama desturi inavyotaka, isipokuwa bwana hayuko. Kila viza yake inapokwisha tunatafuta dola za kuifanya upya. Mtu akituuliza kama Kongo, nchi ya bwana yake, inaweza kumpa uraia kisha ile miaka 7, tunamkumbusha yale maneno: kama wangali pamoja.

Hapa ndipo tunataka kusimama kidogo, kwa sababu wenzetu wengi wanasema viza imeharibu ndoa zetu. Sisi hatukubali upesi. Desturi ya bibi kufuata bwana haikuwa kamba tu ya kumfunga mwanamke. Wazee walijua kwamba mtu anayehamia kwa watu wengine yuko katika hatari, na walimwekea njia ya kurudi. Mali iliyotolewa ilikuwa ushuhuda: ukoo mmoja unajua, ukoo wa pili unajua, mshenga anajua. Bibi akipigwa ama akinyimwa chakula, anashika mtoto wake mdogo, anarudi kwa kaka zake, na bwana analazimika kuja kwenye lubunga, ile nyumba ya kusanyiko la wazee, kueleza mbele ya watu. Kaka za bibi walikuwa mlango wa nyuma wa kila ndoa. Hatusemi ulifunguliwa kila siku. Tunawajua waliorudishwa kwa bwana kwa nguvu, kwa sababu kaka walikuwa wamekwisha kula mbuzi. Lakini mlango ulikuwako.

Anayefuata kwa viza anamfuata mtu mmoja mahali ambapo hana kaka. Karatasi yake inashikwa na neno la mwenzake. Tulisomewa barua ya msichana wa hapa kwetu aliye Ulaya, aliyeandika kwamba bwana wake kila wakigombana anamwambia, "Nitaandika kwamba hatuko tena pamoja, na utarudi kula ndakala." Hizo nchi zenyewe ziliiona hatari hiyo. Marekani, mwaka wa 1994, ilitoa sheria inayomruhusu anayeteswa na bwana ama bibi aliye raia kuomba karatasi yake peke yake, bila mtesaji kujua. Ufaransa nayo haimnyang'anyi karatasi aliyeachana na mwenzake kwa sababu ya kupigwa. Kwa namna nyingine, wamejenga nyumba ya kaka kwa karatasi. Msichana yule hakuyajua hayo. Tulipomwandikia, alijibu kwa neno moja: "Kweli?" Kama kuna msomaji aliye na binti anayejitayarisha kusafiri, amweleze hilo mbele ya kumnunulia valizi.

Turudi kwa kijana wetu. Mwaka wa 2022 aliapa kuwa raia wa Marekani. Mwaka wa 2023 alikuja. Alishuka na pasipoti ya Marekani, na ndani yake viza ya Kongo, kwa maana Katiba yetu ya 2006, artikeli ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine. Mtoto wa kaka yetu, ambaye mali yake tuliitoa sisi, ni mgeni hapa Baraka, na bibi yake pia ni mgeni, kila mmoja kwa nchi yake. Akitaka urudi uraia wake wa Kongo, lazima auache ule wa Marekani. Mtoto wao tu, tukihesabu vizuri, ndiye aliye na njia pande zote, na yeye anacheza mpira bila habari.

Tuliita kikao. Siku hizi lubunga yetu ni paa la mabati na viti vya plastiki, na akina mama wanakaa pembeni, wanasikia, na wakitaka wanasema. Swali lilikuwa: raia wa Marekani anaweza kumwandikia bibi yake ombi, basi aandike nini?

Wa kwanza kusema, mtu aliyesafiri sana, alisema jambo ni rahisi. Wafunge ndoa mpya, mwaka huu wa 2023, na foto, na keki, na karatasi ya etasivili. Ya zamani tuisahau. Mtoto? Tuseme ni wa siku za ujana, mbele ya ndoa. Wengi walitikisa vichwa kukubali.

Kijana mwenyewe akasema amekwisha uliza avoka kule. Avoka alimwambia: usiandike uongo juu ya uongo. Lakini akamwambia pia kwamba ukisema ukweli, kwamba ulikuwa na bibi siku uliyoandikwa kama mtoto asiye na ndoa, swali linaweza kurudi hadi kwenye mlango ulioingilia, na hata uraia wako ukaguswa. Na nyuma yake yuko mama yake, wako wadogo zake. Alisema hayo akitazama chini. Hatukuwa na la kumjibu, kwa sababu tuliomtia katika shimo lile tulikuwa tumeketi mbele yake na bariza zetu za ualimu.

Mzee mmoja wa ukoo aliuliza kwa sauti ndogo: "Tukisema ndoa ilianza mwaka huu, wale mbuzi wa Makere walikuwa wa nini?"

Kisha bibi aliombwa aseme. Hakusimama. Alisema: "Baba zangu, kule kambini nilifichwa nisiwe bibi, ili yeye aende. Leo munataka nifichwe tena, niwe bibi mpya, ili miye niende. Siku watakaponiuliza, nitataja siku ya mali. Sijui siku ingine."

Tumefikiri sana juu ya maneno yale, miaka miwili sasa. Kuna wanaosema kudanganya leta si dhambi, na hatutaki kuwadharau. Wanasema: leta yenyewe haikutuambia ukweli hata siku moja, sheria zile zimeandikwa na watu ambao kwao jamaa ni bwana, bibi na watoto wadogo, hawajui mama mjane anayeongoza ukoo mzima kwenye kambi, na mtu anayekimbia vita hana wakati wa kupima maneno. Yote hayo yana uzito. Kama tungeulizwa tena usiku ule, na yunite zinaisha, na shemeji analia, hatuapi kwamba tungejibu namna nyingine.

Lakini tumeona kosa letu liko mahali pengine, si pale tulipodhani. Tulidhani tulidanganya Wamarekani. Kumbe ndoa ya kwetu haina karatasi kwa sababu ina watu. Nguvu yake yote ni kwamba yeyote akiulizwa, njiani, sokoni, kwa mchana ama kwa usiku, atajibu: ndiyo, yule ni bibi wa fulani, tulikuwako. Ushuhuda ule ndio karatasi. Na siku ya kwanza ambapo mtu wa nje aliuliza, "Je, ana bibi?", shahidi mkubwa wa ndoa ile, aliyehesabu mbuzi kwa mkono wake, alijibu hapana. Tunalalamika kwamba biro za ng'ambo zinadharau ndoa za desturi. Katika jambo hili, biro ilituuliza vizuri, na tuliodharau ni sisi.

Ilisalia njia ambayo kikaoni ilitajwa kwa kicheko tu. Kijana anaweza kukaa Kigoma na bibi yake, kwa pasi ya mtegemezi. Alituambia usiku, nyumbani: "Baba mdogo, miye nikae kwa bibi kama mtegemezi? Watasema nimeolewa." Tulimjibu kwamba zamani pia alikuwako mwanaume aliyehamia kwa wakwe zake, maskini ama mgeni asiye na ukoo, na watu walimcheka, ni kweli, lakini watoto wake walikula. Sheria zetu zenyewe zimeanza kugeuka. Kitabu cha sheria za jamaa cha 1987 kilimwagiza bibi kumfuata bwana popote anapoona vema kukaa, na kilimtaka aombe ruhusa ya bwana kwa mambo ya sheria. Mwaka wa 2016 ile ruhusa ikafutwa, ikatakiwa wawili waelewane. Kama wanapaswa kuelewana juu ya kuuza shamba, kwa nini wasielewane juu ya nani amfuate mwenzake? Bibi yake alikuwa anachambua samaki karibu yetu. Alisema tu: "Miye nilimutegemea miaka saba. Yeye anaogopa mwaka moja?"

Kijana alirudi Marekani bila kuandika ombi lolote, la uongo ama la kweli. Anatuma pesa, anapiga simu kila juma. Februari 2025 Bukavu iliposhikwa na M23, alipiga mara tatu kwa siku, akaanza mwenyewe kuuliza bei ya nyumba Kigoma. Hatukumsukuma. Kama atakuja kuwa mtegemezi, aje kwa miguu yake. Na kama atachagua kwenda kwa avoka na kusema ukweli wote kule, hilo pia ni lake, kwa maana hatari ni yake. Sisi tulikwisha mchagulia mara moja, inatosha.

Lililokuwa letu tulilifanya. Tulichukua lile daftari la shule, tukaenda kwenye biro ya etasivili hapa Baraka, sisi na bibi, kuuliza kama ndoa iliyofanyika kwa desturi inaweza kuandikwa na tarehe yake ya kweli. Karani alikuwa kijana tuliyemfundisha. Alitupa kiti.

"Ndoa ilifanyika wapi, mwalimu?"

"Makere, Tanzania, mwaka wa 2014."

"Bibi ni Mkongomani?"

"Mtanzania."

"Na bwana?"

"Siku ile alikuwa Mkongomani."

Aliweka kalamu chini. Alifungua daftari, akasoma hesabu ya mbuzi, akageuza ukurasa kutazama lile dole la wino, akatuuliza kwa heshima miaka yote hiyo tulikuwa wapi. Kisha akasema hawezi kuahidi kitu, ndoa ya nchi nyingine ina njia yake, lakini kwanza tulete mashahidi wawili waliokuwako siku ile, mmoja wa kila upande. Wa upande wa bwana ni sisi. Kwa upande wa bibi tulimpigia simu baba yake. Ni mzee sasa, macho yamepungua. Tulimweleza polepole tunachotafuta. Alinyamaza, kisha akauliza: "Mwalimu, ni ile karatasi niliyowauliza?"

Tulimwambia ndiyo, ni ile. Alisema atapanda boti ya Alhamisi.